Ndooni, Kijiji Kilichopewa Jina na Njaa

"Shauri la Kupatia Jina Mahali Penye Watu Pasipo na Jina." Ndivyo serikali ilivyoliita jambo hili, wajukuu. Lilikuwa jambo dogo, ndiyo maana likapewa maneno mengi.

Nitegeeni masikio, niwatoe leo niwapeleke kale ya mababu.

Kale hiyo, kijiji chetu hakikuwa na jina. Watu walisema "kwetu", ikatosha. Serikali ikatangaza: mahali pasipo na jina ni pa jirani. Na jirani, wanangu, alikuwa Jumbe Shekue wa Pungweni, aliyekitamani kisima chetu. Mwana Esha, aliyeishi kando ya kisima, akakosa raha. Maji matamu yale! Ayateke kwa ruhusa ya Shekue?

Akaja Karani Vuai, mtu wa Unguja, kuandika majina, pamoja na askari wake mmoja.

"Hapa panaitwaje?" akamwuliza mzee mmoja njiani.

"Kwetu."

"Siandiki Kwetu, mzee. Bwana Mkubwa akisoma, patakuwa kwake!"

Mwana Esha, yuko jikoni, hakusikia swali. Aliona wageni wawili wamekauka kwa jua. Akapaza sauti: "Ndooni! Ndooni!"

Mwajua, sisi twasema ndooni, wao wa Unguja husema njooni. Kwa Vuai, ndoo ni ile ya kutekea maji. Akatazama kisima, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika: Ndooni.

Siku ya baraza la Bwana Mkubwa, mkuu wa serikali, jina liliposomwa, Jumbe Shekue akaruka. "Bwana Mkubwa, hilo si jina! Huko ni kuita watu!"

"Kuita nani?" akasema Vuai. "Mimi Kiswahili nimekisomea."

Bwana Mkubwa akamgeukia Mwana Esha. "Mama, kwenu panaitwaje?"

Mwana Esha hakuzoea uongo. Akafikiri maji, akasema: "Ndooni."

Wazee wawili wa Pungweni wakainuka, wakamwendea Mwana Esha.

"Hawa wanakwenda wapi?" akauliza Bwana Mkubwa.

"Wana kiu," akasema Vuai. "Wamesikia ndoo."

Bwana Mkubwa akakata shauri: mahali paitwapo Ndooni hapakosi kisima chake.

Basi, wajukuu, mkimkaribisha mgeni kwa sauti, tazameni kwanza kama ana kalamu. Kisa nimekitua, anayekitaka akibebe.

Ndoo haikuwapo. Siku ile Mwana Esha aliwaita karani na askari wake, wenye njaa, waje kula wali, wakala.