Jina Lililopanda Vidato Kumi na Viwili

Hapo zamani, masultani walipokuwa bado na nafasi ya kuudhikia kila kitu, Sultani Badrani alijiwa na mgeni kutoka nchi ya Wapolandi, bibi mnene, mcheshi, aliyelelewa Stambuli. Kwao walimwita Konstantinopolitanchikovyanechka. Basi ilikuwa desturi ya jumba lile, mgeni akipanda ngazi, mpiga mbiu hulivuta jina lake, silabi moja kwa kila kidato, na sauti isikatike mpaka afike juu.

Mpiga mbiu Mshangama alianza vizuri. Bibi akapanda kidato, akapumzika, akasifu maua, akapanda kingine. Kwenye "no" macho yalimtoka Mshangama. Kwenye "po" akaanguka kama gunia.

"Umeniaibisha!" akafoka Sultani. "Kesho bibi atapanda tena; jina hili lisikatike, na mkazo utue panapostahili. Likikatika, utahama mji wewe na wanao."

Maskini Mshangama akaenda kumlilia shemeji yake Shekue, hamali asiye na hata kanzu ya pili. Shekue akamwendea yule bibi kumwuliza mkazo hukaa wapi.

"Silabi ya pili kutoka mwisho," akajibu bibi.

"Kumbe kama kwetu!" akasema Shekue, akaondoka mbio.

Ikawa asubuhi, hamali kumi na wawili wamejipanga ngazini, kila mmoja na silabi yake, kwa ule mtindo wao wa kupokezana mzigo: huyu haachii mpaka mwenziwe ameshika. Kidato cha kumi na moja alisimama Mbwarahaji, mbeba makasha ya chuma. "Kon" ikapokewa na "stan", "stan" ikapokewa na "ti", bibi anapanda huku anacheka, hata alipomfikia Mbwarahaji ikatoka "NECH!" Kilemba cha Sultani kikaruka, njiwa wakahama paa, na yule wa "ka" akamalizia kwa adabu.

"Hila hiyo!" akanguruma Sultani. "Nilimtaka mtu mmoja!"

"Bwana wangu," akasema Shekue, "uliamuru jina lisikatike. Hukutaja pumzi ya nani."

Sultani akakunja uso, akamtazama bibi aliyekuwa anafuta machozi ya kicheko, naye akacheka hata akashika mbavu. Akamsamehe Mshangama, akamvika Shekue joho. Kisha, tamaa ikamshika, akamwondoa Mbwarahaji kidatoni ili ajaribu mwenyewe. Akapiga "NECH!" moja ya nguvu zake zote. Sauti ikamkauka siku saba, na siku saba hizo hakufukuzwa mtu yeyote mjini.