Mabega ya Bi Mwavita

"Kichwa kikiuma, yaulize mabega." Bi Tatu aliyasema maneno haya huku akimpa mjukuu wake Rehani kidonge na kikombe cha maji, na vijana waliokuwa wakichambua mchele pale sebuleni wakaangua kicheko.

"Bibi, kichwa na mabega wapi na wapi?" Rehani aliuliza.

Bi Tatu akangoja kidonge kimezwe kwanza. Kisha akasogeza ungo pembeni, akasema kwamba msemo huo asili yake ni Ujiji, na aliyeuacha hakuwa mshairi wala shehe, bali mpishi wa shughuli. Mambo yake yalikuwa hivi.

Alikuwapo mwanamke akiitwa Bi Mwavita, mjane, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza iliyozoea kushindana na moshi. Mumewe alimwacha angali kijana, na watoto aliowazaa hawakukaa duniani. Akamlea Chausiku, binti wa marehemu mdogo wake, ambaye alimwita Mama kama waitwavyo mama wote. Siku hizo hapakuwa na harusi, hitima wala maulidi mjini yaliyopikwa bila Bi Mwavita kusimama jikoni na mwiko wake. Yeye ndiye aliyejua watu wangapi watatoshwa na mbuzi wangapi, na wakati gani makaa yapaliwe juu ya kifuniko ili pilau ikauke bila kuungua.

Wala hakuwa wa jikoni tu. Mke aliyegombana na mumewe alimkimbilia yeye. Mwenye mgonjwa alimpigia hodi yeye. Waliogombea mpaka wa shamba la michikichi walimtaka yeye akae katikati yao. Na kila aliyemfikia, kabla hajamaliza maneno, alijibiwa neno moja: "Niachieni mimi." Watu wakamwachia. Mtu akishajua pa kutua mzigo wake, hatazami ule uliokwisha kutuliwa hapo kabla yake.

Kichwa kilianza kumuuma taratibu. Maumivu yalianzia kisogoni, yakapanda juu, yakamzunguka mpaka kwenye paji la uso, kama mtu anayemfunga kitambaa na kukikaza kila anapopumua. Mwanzo alijifunga kitambaa kwelikweli, akaendelea na kazi. Kisha akaenda dukani kwa Nasoro kununua aspirini. Alimeza, kikapoa, akamshukuru Mungu. Kesho yake kikamrudia.

Baada ya hapo vidonge havikukauka kwenye pindo la kanga yake. Alimeza asubuhi kabla ya chai, akameza mchana akiwa amesimama, akameza jioni ili usiku usimtese. Cha ajabu ni kwamba kadiri alivyomeza, ndivyo kichwa kilivyozidi kudai. Zamani kilimuuma siku za shughuli. Sasa kilimuuma hata siku alizokuwa hana kazi yoyote, na akichelewa kidogo kumeza, kilimgongea kama mdai mlangoni.

Nasoro mwenyewe siku moja alisita na pakiti mkononi. "Bi Mwavita, hivi vyote ni vyako peke yako?"

"Nipe, mwanangu. Watu wananingoja."

Chausiku naye alijaribu. "Mama, hivyo si njugu. Twende ukapimwe."

"Nikienda kupimwa, nani atapika hitima ya Ijumaa?"

"Mimi nitapika."

Bi Mwavita akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyeambiwa kwamba kuku amejitolea kuchunga ng'ombe. Chausiku alikuwa mtu mzima wakati huo, ana mume na watoto, na tangu utotoni alikuwa amesimama karibu na sufuria zile zile. Lakini hakuwa amewahi hata mara moja kuachiwa mwiko.

Ikafika harusi ya binti wa Bi Riziki. Bi Riziki alikuwa shoga yake Bi Mwavita tangu wote wawili wakiwa wari, na shughuli hiyo ilikuwa kubwa. Ndugu walitoka Kasulu, wengine wakavuka ziwa kutoka upande wa Kongo, na uzio kati ya nyua mbili ukabomolewa ili wageni wapate pa kukaa. Bi Mwavita alitaka siku hiyo isimuliwe. Alfajiri alikuwa ameshasimama, hajatia kitu tumboni isipokuwa vidonge vyake. Tumbo lilikuwa likimchoma kwa siku kadhaa, akaliambia lingoje.

Vitunguu vilipoanza kubadilika rangi ndani ya mafuta, ile harufu aliyoipenda maisha yake yote ilimpanda kichwani kama ngumi. Akainama kufunua sufuria ya nyama. Kabla mkono haujafika kwenye kifuniko alijizuia, akageuka upande, akatapika kitu cheusi kama kahawa iliyoganda chini ya birika. Akatazama chini akashangaa. Kisha akaanguka pembeni ya mafiga, mkono wake umekosa moto kwa kiasi cha kiganja.

Wanawake wakapiga kelele. Wanaume wakaja na kitanda cha kamba, wakamlaza. Akiwa anatolewa uani, uso umekuwa wa majivu, bado alikuwa akitoa amri: "Chausiku! Usitie mchele mpaka nirudi! Umesikia? Mpaka nirudi!"

Hakurudi siku hiyo wala siku zilizofuata.

Hospitali walimtundikia dripu na wakamwongeza damu. Daktari alipokwisha kumpima akamweleza bila kuzunguka kwamba zile aspirini, kwa wingi ule na juu ya tumbo tupu, zilikuwa zimemtia kidonda tumboni. Tena akamwambia jambo ambalo Bi Mwavita hakuliamini: kichwa kinacholishwa dawa kila siku huizoea, na kikiikosa huuma kwa sababu ya kuikosa.

"Kwa hiyo dawa ndiyo iliyokuwa ikiniumiza?"

"Dawa haikuwa na kosa, mama. Ilikuwa ya siku mojamoja. Wewe uliifanya ugali."

Wakamnyang'anya zote. Siku za mwanzo zilikuwa za mateso. Kichwa kilimpasuka, akalia, akawaapiza, akamtuma kila aliyekuja kumwona aende kwa Nasoro. Hakuna aliyekwenda.

Muuguzi wa wodi ile aliitwa Yustina, mwanamke wa makamo, mnene, asiyekuwa na haraka. Asubuhi moja alisimama kando ya kitanda cha Bi Mwavita, akamtazama kwa muda.

"Shikamoo, mama. Hebu lala."

"Marahaba. Sasa mwanangu, hapa nilipo nimesimama?"

"Mgongo umelala. Mabega yamesimama."

Bi Mwavita akajitazama. Ni kweli. Alikuwa amelala chali, lakini mabega yamepanda mpaka karibu na masikio, ngumi amezikunja juu ya shuka, na meno ameyauma kama mtu anayevuta gogo. Yustina akamwekea viganja mabegani, akabonyeza. Bi Mwavita akaguna.

"Hii si nyama, ni jiwe," Yustina alisema. "Mama, kichwa umekiuliza miaka mingi, na kila kilipotaka kujibu ukakiziba mdomo kwa kidonge. Kichwa kikiuma, yaulize mabega."

"Mabega yanajua nini?"

"Yanajua ulichobeba."

Akamfundisha. Alimwambia ayapandishe mabega juu kabisa, kwa makusudi, ayakaze hapo mpaka yachoke, kisha ayaachie yaanguke yenyewe. Akamwambia akunje ngumi kwa nguvu, halafu azifungue kidole kimoja kimoja. Alegeze taya, ulimi ukae chini. Avute pumzi mpaka tumbo liinuke, na aitoe polepole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto bila kutaka kuumwaga. Bi Mwavita alidhani anachezewa. Lakini uji wa mtoto aliujua, ingawa ilikuwa zamani, na alipopuliza hivyo mara kadhaa aliona shingo yake inakuwa nzito juu ya mto, kama shingo ya mtu anayesinzia. Kichwa hakikupona. Kililegea tu, kama fundo lililofunguliwa nusu.

Mchana ule Chausiku akaja. Alikuwa akija kila siku, lakini daktari alikataza habari za shughuli. Leo Bi Mwavita alikuwa na nguvu za kuuliza.

"Ile pilau iliungua?"

"Haikuungua, Mama."

"Ulitia mchele?"

Chausiku akatazama sakafu. "Nilitia. Wageni walikuwa wamefika. Nilipalia makaa kama unavyopalia wewe."

"Ikatosha?"

"Ikatosha, na ya kufungia watu ikabaki."

"Watu walisemaje?"

"Walikuombea dua. Wakala."

Bi Mwavita akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Akasema vizuri, mwanangu, vizuri sana, na akageukia ukutani. Chausiku alipoondoka, Yustina alimkuta analia bila sauti, na mabega yako juu tena, yamegusa masikio.

"Kichwa, mama?"

"Wamekula," Bi Mwavita alisema. "Nimesimama kwenye moshi ule tangu mume wangu afe, nikiamini kwamba siku nikikaa, mji utalala njaa. Nimeanguka mbele yao, na wamekula wakashiba. Mimi sina mume, sina mtoto niliyemzaa. Wasiponihitaji, watanijua kwa lipi?"

Yustina akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo wauguzi hawakuruhusiwa kulifanya.

"Hilo mimi sina kidonge chake," alisema. "Ila sasa nimejua mabega yako yalikuwa yakisema nini."

Bi Mwavita alivuta pumzi, akaitoa polepole, na machozi yakaendelea kutoka pamoja nayo. Alipomaliza kulia usingizi ukamchukua, na huo ulikuwa usingizi wake wa kwanza wa mchana tangu utoto.

Aliporudi nyumbani alipewa dawa ya kuponya tumbo, na vidonge vya kichwa vya aina nyingine, na onyo kwamba avimeze baada ya kula tu, siku kichwa kikizidi, si kila siku. Vidonge hivyo akamkabidhi Chausiku avitunze, kwa kuwa yeye mwenyewe alilijua pindo la kanga yake: vikikaa hapo, atavimeza.

Hakukaa sana kabla hodi hazijaanza. Wa kwanza alikuwa mjumbe kutoka kwenye nyumba iliyokuwa na maulidi. Alimsalimu, akamwombea afya, kisha akaeleza wageni watakavyokuwa wengi. Bi Mwavita alisikia lile neno lake linapanda kooni, "Niachieni mimi," na wakati huohuo akasikia mabega yakinyanyuka, yote mawili, kana kwamba kuna mtu anayatwika kitu. Akashtuka. Miaka yote hiyo yalikuwa yakinyanyuka hivyo naye hakujua.

Akayashusha. Akapoza uji.

"Mwendeeni Chausiku," alisema. "Mwiko anao yeye. Mimi nitakuja, mniwekee mkeka na wageni wengine."

Mjumbe alimtazama kama mtu aliyekosea nyumba.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko hospitali. Hodi zilipungua. Kuna waliokuwa wakija kila juma ambao hakuwaona tena, na alijua sasa kwamba walikuwa wakija kwa ajili ya mizigo yao. Alikaa barazani mikono mapajani, hajui aifanyie nini. Kuna jioni alitamani mtu yeyote aje na ugomvi wowote. Kichwa kilimuuma siku mbili tatu, akala, akameza kidonge, akajilaza, kikapita.

Kisha akatokea Bi Riziki, mama wa bibi harusi, ameshika birika la kahawa na vikombe viwili. Akavua viatu, akaketi.

Bi Mwavita akasubiri. Kisha akauliza, "Haya shoga, kuna nini?"

"Hakuna."

"Bwana hajambo? Watoto?"

"Hawajambo wote."

"Sasa umekuja kwa lipi?"

Bi Riziki akammiminia kahawa. "Nimekuja kukaa na wewe, Mwavita. Tangu tulipokuwa wari sijawahi kukukuta umekaa. Kila nikija, uko njiani kwenda kwa mwingine. Nikawa natafuta shida ndogondogo za kukuletea, ili na mimi nipate zamu."

Bi Mwavita alikishika kikombe kwa mikono miwili, asiweze kukinywa. Jambo hilo hakuwahi kulifikiria. Wakakaa pale mpaka kahawa ikapoa, wakizungumza habari zisizokuwa na faida yoyote, wakiwacheka wafu na wazima, na alipoinuka kumsindikiza mwenzake aligundua kwamba kwa muda wote ule hakuwa ameyakumbuka mabega yake hata kidogo.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Harusini alikaa na wageni, akala pilau ya Chausiku, na chumvi ikipungua alinyamaza, ingawa kunyamaza kwenyewe kulimtoa jasho. Na kila mwanamke aliyemlalamikia kichwa hakumkataza dawa. Alimwuliza amekula nini, amemeza vingapi, kisha akamwekea viganja mabegani na kumwambia maneno ya Yustina. Wengi walicheka. Wengine, mikono ile ilipowagusa, walianza kulia hata hawajaulizwa neno.

Basi maneno yakaenea, yakatoka kwenye maradhi yakaingia katika mambo mengine. Baba akiwa mkali nyumbani bila sababu, kijana akipoteza hamu ya masomo, bibi harusi akinuna siku ya furaha yake, watu wa Ujiji hawaishii kwenye kile kinachoonekana kuuma. Hutazama chini yake kidogo, palipobeba mzigo. Dawa hupewa mgonjwa, maana maumivu ni maumivu; lakini akishameza, mtu hukaa karibu naye, akamwambia: kichwa kikiuma, yaulize mabega.