Mwanamke Aliyeitwa Donyu

Palikuwa na fundi seremala mmoja mjini Tabora, jina lake Ostap. Alizaliwa Ukraine, akaja angali kijana kutengeneza mizinga ya nyuki katika mradi wa asali. Mradi ulipokwisha wenzake walirudi kwao. Yeye alibaki, kwa ajili ya binti mmoja wa Kinyamwezi aitwaye Nyamizi.

Baba yake Nyamizi hakupindisha maneno. "Utanizalia wajukuu, kisha utawafundisha lugha yenu mpate kunisengenya huku nimekaa nanyi."

"Sitafanya hivyo, mzee," Ostap akajibu. "Lugha yangu nitaiacha nje ya mlango."

Akaiacha kweli. Nyumbani kwake kilisemwa Kiswahili, na Kinyamwezi ndugu wa Nyamizi wakija. Watoto wao wawili, Kalunde na mdogo wake Shija, walikua bila kumsikia baba akisema neno moja la kwao.

Nyamizi alipougua, Ostap alimwogesha kwa mikono yake mwenyewe. Alipika, alifua, na asubuhi alimsuka Kalunde nywele. Mwalimu akauliza, "Umesukwa au umefungwa kamba?" Mama yake Ostap alipofariki kule Ukraine, hakwenda kumzika. "Mgonjwa wangu nimwachie nani?" alisema. Nyamizi alifia mikononi mwake. Hakuoa tena.

Uzeeni, kiharusi kilimwangusha karakanani. Alipozinduka, Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote. Daktari alieleza kwamba hutokea hivyo: ugonjwa hufuta lugha aliyojifunza mtu ukubwani, ukamwachia ile aliyoipata kwa mama yake.

Kalunde alifunga duka lake sokoni akahamia kwa baba. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko. Mzee alisema mengi, na hakuna aliyeelewa. Ila neno moja lilirudi kila mara, kwa sauti ya kubembeleza, mara nyingine kwa machozi.

"Donyu. Donyu."

Mama mdogo, ndugu yake Nyamizi, alikuja kumjulia hali, akalisikia. Akamvuta Kalunde pembeni.

"Hebu niambie, huyo Donyu ni nani?"

"Sijui, mama mdogo."

"Hujui? Mwanamume anaita jina huku analia, nawe hujui? Huyo ni mwanamke wake wa kwao. Masikini dada yangu, kumbe miaka yote alikuwa anamtunzia mwenzake mume!"

Kalunde alikasirika, akamtetea baba yake. Lakini maneno yalikuwa yameshamwingia. Alirudi kitandani akainama.

"Baba, Donyu ni nani?"

Uso wa mzee ulichanua. "Donyu," akasema, akimbana mkono, machozi yakimtiririka.

Kalunde aliona kuwa amekiri. Akautoa mkono wake.

Shija alitaka watafute mtu anayeijua lugha ile. "Mwanza kuna mama mmoja wa kwao baba, mke wa daktari. Tumpigie simu."

"Aje kusikiliza aibu ya mama yetu?" Kalunde akasema. "Mwache na Donyu wake."

Akarudi dukani. Uji akawa anautuma kwa mkono wa Shija. Mzee aliukataa. Alitazama mlango na kuita, sauti ikipungua, mpaka asubuhi moja hakuita tena.

Msibani alikuja yule mama wa Mwanza, Halina, mwenye mvi, Kiswahili chake kimenyooka. Hakuwahi kuonana na Ostap. Alisikia tu kwamba amefariki mtu wa kwao. Alimpa Kalunde pole, kisha akauliza, "Alisema nini mwishoni, mwanangu?"

"Alimwita mwanamke wake."

"Mwanamke gani?"

"Donyu."

Halina akamshika bega.

"Hilo si jina la mtu. Kwetu ndivyo baba anavyomwita binti yake kwa mapenzi. Alikuwa na binti mwingine?"

"Hapana," Kalunde akasema. "Ni mimi tu."

Hakulia mbele ya watu. Aliuliza jambo moja: binti akiitwa hivyo na baba yake, kule kwao huitikaje?

"Huitika 'tatu'," Halina akasema. "Maana yake baba."

Walimzika alasiri ile. Watu walipoanza kutawanyika, Kalunde alibaki amepiga magoti kwenye udongo mbichi, akisema polepole, "Tatu. Tatu."

Shija alimsogelea akainama. "Tatu nini, dada?"

Kalunde akaendelea kuitika.

Funzo: Usimhukumu mtu kwa neno usilolielewa. Muulize anayelijua, na uulize wakati mwenye kulisema bado yuko hai.