Aliyekuja Kurekebisha Jibu

Wapendwa, niazimeni masikio kidogo. Nataka mmwone binti mmoja. Simpi jina, kwa sababu nikimpa jina mtasema ni wa mtaa fulani, na mimi nataka awe wa mtaa wako.

Binti huyu alitaka kuwa muuguzi. Alimaliza kidato cha nne, akafaulu biolojia, akafaulu kemia, akaomba nafasi kwenye chuo cha uuguzi. Chuo chenyewe kinachukua darasa moja kwa mwaka, na waombaji wanajaza uwanja. Mwaka wa kwanza akaomba, akasubiri, akakosa. Mwaka wa pili akaomba, akasubiri, akakosa. Aliosoma nao wameshavaa sare za vyuo, wengine wameshaolewa, yeye yuko palepale. Na kila akipita na ndoo ya maji, jirani muuza vitumbua anamwita.

"Nesi! Hebu njoo unichome sindano, kiuno kinaniua."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Au sindano nayo inasubiri majibu?"

Watu wanacheka. Naye anacheka nao, kisha anaingia ndani na ndoo yake. Je, umewahi kucheka hivyo? Mdomo unacheka, moyo uko chini unaokota vipande?

Lakini hamjaniuliza, wapendwa: yale maji yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya baba yake. Baba huyu alikuwa fundi seremala, mtu wa kubeba mbao begani kama wewe unavyobeba mwavuli. Majibu ya kwanza yalipotoka, hata machozi ya binti hayajakauka, kiharusi kikamwangusha mzee. Upande mzima wa kulia ukalala. Mdomo ukaenda pembeni, maneno yakawa yanatoka moja moja, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Mama alikuwa ameshafariki. Kaka zake wako mbali na kazi zao. Akabaki binti.

Akawa anamgeuza. Asubuhi upande huu, jua likipanda upande ule, jioni tena, usiku tena. Anamwogesha, anamkausha, anampaka mafuta, anatandika shuka bila kuacha mkunjo. Anamlisha uji kijiko kwa kijiko, asije akapaliwa. Anaushika ule mguu uliolala, anaukunja, anaunyoosha, anaukunja, anaunyoosha, mpaka siku moja kidole gumba kikacheza. Baba akakitazama kile kidole. Binti naye akakitazama.

Mwaka wa tatu akaomba tena, na safari hii akaitwa kwenye usaili. Mzee, ambaye sasa alishaanza kutembea kwa mkongojo, akasema anamsindikiza.

"Baba, ni mbali. Utachoka."

"Wewe hukuchoka," akasema mzee, akauchukua mkongojo wake.

Wakaenda. Mzee akaketi kwenye benchi la nje, binti akaingia. Ndani kulikuwa na jopo la watu watatu, na katikati yao mama mmoja mwenye mvi, muuguzi wa siku nyingi. Wakamuuliza habari za damu, akajibu. Wakamuuliza habari za mapafu, akajibu. Kisha yule mama akavua miwani.

"Binti, shule umemaliza zamani kidogo. Miaka hii miwili ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nyumbani tu."

"Nyumbani tu?"

"Ndiyo, mama."

"Hata zahanati hukwenda kujitolea?"

"Hapana, mama."

"Haya, asante. Mwite anayefuata."

Mnaguna. Msigune. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hatangazi anachomfanyia mzazi wake. Angesimamaje mbele ya wageni aseme baba yangu namwogesha, baba yangu namlisha? Alikuwa anamsitiri. Kwa ile "tu" aliwafungia mlango wageni wasimwone baba yake kitandani, na kwa ile "tu" akajifungia mlango yeye mwenyewe.

Alipotoka, mzee akamwuliza wamesemaje. Akamweleza maswali yote.

"Na wewe ukajibu nini?"

"Nikasema nilikuwa nyumbani tu, baba."

Mzee akaushika mkongojo, akainuka, akausukuma mlango, akaingia.

"Mzee, samahani," akasema kijana mmoja wa lile jopo. "Humu wanaingia waliokuja kwa usaili."

"Ndiyo. Nimekuja."

"Na wewe unaomba uuguzi, mzee?"

"Mmemwuliza binti yangu miaka miwili alikuwa anafanya nini." Akavuta pumzi, akayatafuta maneno mpaka yakaja. "Ni mimi. Mimi ndiye miaka yake miwili."

Kisha akawapa mgongo, akapandisha shati.

"Nililala. Kujigeuza sikuweza. Tafuteni kidonda."

Wapendwa, wale walikuwa wauguzi. Walijua kitanda kinavyoutafuna mgongo wa mtu asiyeweza kujigeuza. Yule mama mwenye mvi akainuka kwenye kiti. Akapitisha mkono mabegani, akashuka kiunoni, akainama akatazama visigino. Akatafuta kama anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye mkeka. Hakukuwa na kidonda. Hakukuwa hata na kovu la kidonda.

Kijana akaona mambo yanazidi. "Mzee, mbona unajivuna hivyo mbele za watu?"

"Sijivuni," akasema mzee. "Najivunia."

Yule mama akarudi kitini. "Mzee wangu, leo hatutoi majibu. Yatatoka kwa pamoja, na hao walioko nje nao wana haki yao."

"Sikuja kuomba majibu, mama. Nimekuja kurekebisha jibu."

Akashusha shati. Akatoka, mkongojo unagonga sakafu, kichwa kiko juu, na yule binti yuko mlangoni amejifunika uso kwa viganja.

Je, alichaguliwa? Naona macho yenu yananiuliza. Mimi mfano wangu unawaacha njiani wakirudi nyumbani, wanasubiri, kwa sababu wengi wenu mliokaa hapa mko njia hiyohiyo. Umeomba chuo, umeomba kazi, umeomba mtoto, unasubiri. Majibu yana siku yake. Lakini yakitoka mazuri, yakitoka mabaya, mgongo wa yule mzee ni mzima. Hakuna jopo duniani linaloweza kuutia vidonda.

Tumefundishwa, na ni kweli, kwamba kujivuna ni dhambi. Mwenye kujivuna anajiinua yeye. Lakini mwenye kujivunia anamwinua mwingine, anasema, tazameni mtu huyu alivyonitendea, na Mungu alivyonitendea kwa mikono yake. Hiyo si dhambi, ndugu zangu. Hiyo ni shukrani iliyosimama wima. Na sisi tumeogopa ya kwanza mpaka tukaiua ya pili.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana najua mlivyousikia mfano huu. Kila mmoja amejiona yeye ndiye binti. Kila mmoja anasema, ah, mimi nimeteseka na hakuna aliyeona. Ndugu yangu, wewe si binti. Sisi sote humu ni yule mzee. Tumegeuzwa, tumeogeshwa, tumelishwa, tumenyooshwa miguu mpaka tukatembea wenyewe kuja hapa. Na waliotutendea hayo wakiulizwa wanafanya nini, wanajibu wako nyumbani tu, na sisi tumekaa benchini tunasikia, tunanyamaza.

Yuko wapi mtu huyo asubuhi hii? Mke wako, dada yako, yule binti wa shangazi mliyemleta kutoka kijijini aje awatazamie bibi? Hayupo kwenye ibada. Amebaki na mgonjwa ili wewe uje kuimba.

Basi leo ukirudi, na wageni wakija, na mmoja akimwuliza mtu wako huyo siku hizi unafanya nini, usimwache ajibu peke yake. Weka kikombe chini. Simama. Jibu wewe.