Hatua Mia Nne za Mzee Mrutu

Hapo zamani, kabla mipaka haijachorwa kwenye karatasi, mpaka ulikuwa ni miguu ya mtu. Sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, ama umeze ama uteme, leo sitaki kusikia kitu kikipondwa. Mtajua kwa nini.

Palikuwa na vijiji viwili mlimani, Mvungwe na Kitongwa, na katikati chemchemi moja. Moja tu. Wazee wa kale walikubaliana hivi: kila mwaka baada ya mavuno, mtu mmoja wa Mvungwe aanzie kwenye jiwe jeupe, atembee hatua mia nne kuelekea chemchemi. Hatua ya mia nne ikigusa maji, maji ni ya vijiji vyote viwili. Isipogusa, maji ni ya Kitongwa peke yao, na Mvungwe wakalambe umande. Akisimama njiani, watu wa Kitongwa wanaanza kutaja mababu zao saba. Wakimaliza naye hajanyanyua mguu, basi, kigingi kinapigwa pale pale. Na siku hiyo, ukimtoa anayehesabu na hao wanaotaja mababu, hakuna aliye hai anayeruhusiwa kutoa sauti. Si ngoma, si kofi, si wimbo, asije mtembeaji akasaidiwa.

Mtembeaji alikuwa Mzee Mrutu. Miaka ishirini alifika majini bila jasho.

Kisha ugonjwa wa kutetemeka ukamwingia. Ulianza na kidole gumba: kikawa kinasugua kile cha pili mchana kutwa, kama mtu anayeviringisha punje ya mtama. Ukaja uso: ukaganda, mkimchekesha hacheki, kumbe anacheka ndani. Ukaja mgongo: ukapinda. Mwisho ikaja miguu. Akifika mlangoni, kiwiliwili kinataka kupita, nyayo zinakataa. Anasimama pale, anatetemeka, jasho linamtoka.

"Kuna mtu chini," alisema. "Ananishika nyayo."

Watu wakaanza kukwepa hata kivuli chake. Msiwacheke. Hata mimi ningekikwepa.

Binti yake, Namkunda, hakumkwepa. Walikuwa wamebaki wawili tu, maana mama yake, Nakiete, alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma. Kwa desturi yao, mwanamke akifa kinu chake kinapinduliwa juu ya kaburi na mchi unalazwa pembeni, usiguswe tena. Kaburi la Nakiete lilikuwa kando ya njia ya chemchemi.

Kila asubuhi Namkunda alichekecha majivu uani.

"Baba, pita."

Baba anapita. Namkunda anainama na kamba ya mgomba, anapima kisigino hadi kisigino, anafunga fundo. Mwezi wa kwanza, dhiraa moja na nusu. Mwezi wa tatu, dhiraa moja na vidole vinne. Mwezi wa tano, dhiraa moja tupu. Akaenda njiani na ile kamba, akaanzia jiwe jeupe, akapima mara mia nne. Kamba ikaishia wapi? Ikaishia kwenye kaburi la mama yake. Pale pale, kwenye kinu. Namkunda akaketi chini akalia, kwa sababu kutoka pale hadi majini kuna theluthi nzima ya njia.

Akajifuta machozi, akarudi nyumbani. Nyuma ya nyumba palikuwa na tope lililokauka tangu mwaka walipokandika kuta, na ndani yake nyayo za Mzee Mrutu alipokuwa mzima.

"Baba, mfuate huyu."

"Nani?"

"Wewe wa zamani."

Mzee akazitazama zile nyayo kubwa, akaogopa. Zilionekana kama za mtu aliyepita asubuhi ile na bado yuko jirani. Akakanyaga ya kwanza. Akakanyaga ya pili. Miezi saba, kila siku, alimfuata yule mtu ambaye hakuwepo. Na hatua zikarefuka! Kamba ikarudi kwenye fundo la kwanza.

Siku moja kabla ya kutembea, Mzee Mrutu akasimama mbele ya vijiji vyote viwili, akatema mate kifuani, akala yamini. "Atakayenifikisha majini, siku zangu zilizobaki ni zake. Nitakaa kwake, na miguu yangu itatembea kwa ajili yake." Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia.

Sasa palikuwa na bwana mmoja wa Kitongwa, anaitwa Mangare. Roho yake mbaya, lakini mchapakazi, Mungu anisamehe. Kazi yake ilikuwa kumwaga majivu njiani, ili kila hatua ionekane. Alfajiri akamwaga majivu, kisha akakata vijiti sitini vyembamba. Akavilaza njiani kwa kukingama, kuanzia penye miamba miwili hadi kwenye kaburi, kila kimoja hatua yake moja ndefu mbele ya kingine. Alitaka mzee ajikwae. Alisahau jambo moja tu: mtu aliyepinda mgongo haoni kitu kingine ila ardhi.

Watu wakajaa. Kimya. Mzee akaanza.

Moja. Mbili. Tatu. Hatua ndefu, hatua za yule wa zamani. Namkunda anafinya kamba yake mkononi. Mia moja. Mia mbili. Mia mbili na kumi, akafika kwenye ile miamba, njia ikabana kama mlango. Nyayo zikaganda.

Kitongwa wakaanza mababu. Babu wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Mzee anatetemeka kuanzia kidole hadi kidevu. Wa nne. Wa tano. Akaona kijiti mbele ya dole lake. Mguu uliokataa ardhi tupu ukakubali kuvuka kijiti! Akavuka. Cha pili, akavuka. Cha tatu, akavuka. Mangare amekodoa macho, mdomo wazi, na hawezi kupiga kelele maana sauti ni mwiko. Vijiti sitini, hatua sitini, ndefu kama za Mangare mwenyewe.

Mia mbili na sabini. Vijiti vikaisha. Kando yake kaburi. Nyayo zikaganda.

Babu wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Wa sita. Anayetaja akavuta pumzi ataje wa saba.

Du.

Watu wakatazamana.

Du. Du.

Kinu kimepinduliwa, mchi umelala, hakuna mtu. Na kuna anayetwanga, taratibu, kama mwanamke mwenye asubuhi nzima mbele yake. Namkunda akaushika mdomo wake. Mchi ule aliufahamu tangu akiwa mgongoni. Du, Mzee akanyanyua mguu. Du, akatua. Hatua mia moja na thelathini, kila mpigo hatua, na ya mia nne ikaingia majini mpaka kifundoni.

Mvungwe wakaangua kilio cha furaha. Wakanyamaza upesi, maana Mangare alikuwa amekwisha sogea mbele.

"Mzee Mrutu, shikamoo. Nia yangu ilikuwa mbaya, sikatai. Lakini pale kwenye miamba ulikuwa umekwisha, na vijiti ni vya nani? Yamini yako haikusema nia. Ilisema kufikisha. Twende kwangu, na mwakani utatembea upande wa Kitongwa."

"Koma!" Namkunda akapaza sauti. "Baba, ni mimi niliyekupima, mimi niliyekufundisha. Bila hatua zangu mia mbili na kumi, vijiti vyake ungevifikia saa ngapi? Nimekuogesha, nimekulisha. Sikuombi kingine, twende tu nyumbani."

Mzee akageuza shingo kuelekea kaburini. Uso wake ulikuwa umeganda kama siku zote, lakini machozi yanateremka.

"Mwanangu," akasema, "mama yako anasema miaka thelathini na miwili alinitwangia, nami nikaenda shambani kwa mdundo wake. Leo ameamka nilipokuwa nimeachwa na walio hai wote. Anasema siku zilizobaki si nyingi, na yeye amechoka kukaa peke yake."

Namkunda akatazama majivu. Kuanzia kaburini, kando ya nyayo za baba yake, kulikuwa na nyayo nyingine. Ndogo. Za mguu usio na kidole cha mwisho, kile ambacho jembe lilimkata Nakiete. Akainama na kamba yake, akazihesabu moja moja. Zilikuwa mia moja na thelathini. Zilikuja hadi ukingoni mwa maji. Hazikurudi.

Mzee Mrutu yuko pale, amesimama. Ametoa mguu majini, ameuning'iniza, hajui pa kuutua. Nyuma huko mchi bado unatwanga, ila unazidi kupoa.

Haya, semeni upesi, kabla haujanyamaza. Mmoja alimpima akamfundisha, mmoja alimtegea akamwokoa, mmoja alifufua mdundo kumfuata mumewe. Siku zilizobaki za Mzee Mrutu, je, nani alizistahili?