Ukili wa Siwatu

"Ukili uliolegea hushonwa katikati." Ndivyo alivyowaambia jirani yangu Bi Pili asubuhi, alipowakuta mkibishana juu ya Zuhura, mwenzenu wa kikundi cha kudarizi, kisha akaenda zake kisimani bila kueleza. Sasa mmeniletea mimi swali lake. Haya, kaeni hapo mkekani, na msinihimize, maana leo hata ulimi wangu umechoka. Neno hilo lilizaliwa hapa hapa Rufiji, siku mkeka wangu wa harusi uliposhonwa.

Nyinyi mnadarizi mashuka na mikeka mnainunua sokoni, kwa hiyo nianze na ukili wenyewe. Ni ule utepe mrefu unaosukwa kwa ukindu, yale majani ya mkindu. Kili zikitosha huunganishwa kwa shazia, ile sindano nene, zikawa mkeka. Enzi zetu mkeka wa bibi harusi haukuwa wa mkono mmoja. Mashoga na jamaa wa mama mzazi walileta kila mtu ukili wake, kwa rangi zake na nakshi zake, wakakaa kutwa kuziunganisha. Mwari akiutandika kwa mumewe aliweza kukuonyesha kwa kidole: huyu ni fulani, na huyu ni fulani.

Mama yangu, Somoe, alikuwa na mashoga wawili, Kuruthumu na Siwatu. Tangu usichana walichuma ukindu pamoja, wakachovya rangi chungu kimoja, wakaibiana nakshi na kuzigombania. Siwatu ndiye aliyesuka kwa kukaza kuliko wote. Kila mkeka ulioshonwa barazani petu, ukili wake uliwekwa ukingoni, kwa sababu ukingo ndio unaovutwa na kukanyagwa, na ndio unaoanza kufumuka. Hiyo ilikuwa heshima yake, na alijua.

Mwaka niliochumbiwa, mume wa Siwatu alipooza upande mmoja. Mchana Siwatu alikuwa juu ya dungu shambani akiamia mpunga usiliwe na ndege, jioni anamgeuza mgonjwa, anamlisha, anafua. Ukili wangu aliusuka humo humo, macho yakifumba kwa usingizi. Siku alipouleta, mama aliupitisha vidoleni. Kidole kiliweza kupenya.

"Ahsante, shoga," akasema tu, na Siwatu akarudi shambani.

Kuruthumu aliyekuwapo akautazama kwa huzuni. "Huu ukikaa ukingoni mkeka utafumuka kabla ya mwezi, na mtoto wetu atachekwa ukweni. Na tukimrudishia mwenyewe tutamuua. Niachie mimi."

Basi akasuka mwingine kwa nakshi ile ile ya Siwatu, vijicho vyeusi viwili viwili. Ule wa kweli akaukunja akausukumiza chini ya kitanda chake. Alifanya kwa mapenzi, msimlaumu. Naye alikuwa na mpunga wake na watoto wake, na kusuka ukili wa pili si kazi ndogo.

Siku ya kushona Siwatu alichelewa. Alikuta mkeka umekaribia kwisha. Akakaa, akashika ukingo ili aendeleze, mara vidole vyake vikasimama.

"Huu si mkono wangu," akasema.

Akaupapasa tena, akamgeukia shoga yake.

"Kuruthumu, nakujua unavyokunja pembeni. Wangu uko wapi?"

"Uko nyumbani kwangu. Ulikuwa umelegea, mwenzangu. Sikutaka uaibike."

"Najua umelegea, mimi ndiye niliyeusuka." Siwatu hakupandisha sauti, hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Tangu mvua za mwaka jana kazi yangu ni kuuguza na kufukuza ndege. Ukili ule ndio kitu pekee nilichokifanya kwa kupenda. Mngeniambia haufai, ningelia, yakaisha. Nyinyi mmenitoa, halafu mkaniwekea mwingine mahali pangu."

Akajifunga kanga, akanyanyuka aende. Mimi nilikuwa ndani, mwari hatoki, lakini nilichungulia mlangoni na moyo uliniuma. Niliona mkeka wangu unamfukuza mtu.

"Kaa, Siwatu," mama akasema. "Kuruthumu, kaulete."

Ulipoletwa, Kuruthumu akauliza kwa upole, "Tutauweka wapi, Somoe? Ukingoni hautadumu."

Mama aliutandaza mkeka. Nilimjua mama yangu. Mgongo ulikuwa unamuuma na alitaka kulala. Kisha akachukua kisu, akaanza kukata uzi katikati ya mkeka, mwanzo hadi mwisho.

Shangazi yangu akasonya. "Kazi ya kutwa nzima hiyo, wifi. Una nini?"

"Ukili uliolegea hushonwa katikati," mama akamjibu, na wala hakusema kwa hekima, alisema kwa uchovu. "Ukingoni utavutwa peke yake. Hapa utashikwa na wangu huku, na wako wewe kule. Vuta upande wako."

Shangazi akavuta. Kuruthumu naye akaung'oa ule aliouiga, akasema, "Basi ukingoni wekeni ule wangu wa nakshi zangu mwenyewe."

Walishona mpaka jua likazama, na hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuimba. Siwatu alisinzia uzi ukiwa mkononi, wakamwacha alale, wakaendelea.

Mkeka wenyewe ni huu mliokalia. Ukingo nimekwisha kuubadilisha, maana ule wa Kuruthumu, Mungu amrehemu, ulilika zamani. Hebu sogea, Semeni, papasa hapo katikati, kwenye vijicho vyeusi. Kidole kinapenya, sivyo? Sasa jaribu kuufumua. Umeona.

Na huyo Zuhura wenu, mnasema tangu ajifungue pacha mishono yake imepinda. Mmoja anataka atolewe kikundini, mwingine anataka mumshonee kimya kimya kwa jina lake. Je, kuna aliyekwenda kumuuliza, au kumbebea mtoto mmoja akashona?

Mbona unanyanyuka, Semeni? Maji ya chai hayajachemka.

"Nakwenda kumwita Zuhura, bibi. Aje na shuka lake lilivyo. Tutampisha akae kati yetu."

Nenda basi, na hao pacha waje, nitawapakata mimi ingawa nimechoka. Ukili uliolegea hushonwa katikati.