Kelele za Kibodi ya Tunu

"Kelele nayo ni pazia." Mmeisikia, mmecheka, sasa mnataka kujua nani aliisema kwanza. Tulieni basi. Haikutoka kwa wahenga wa zama za kale. Ilitoka stesheneri, mjini Korogwe, na ilianza hivi.

Tunu alikuwa mchapaji katika stesheneri ya Bwana Shemahonge. Watu walikuja na maneno yao mdomoni, wakamwambia, naye akayachapa. Kibodi yake ya zamani ilikuwa imekufa herufi A, na Kiswahili bila A ni pilau bila mchele. Meza nayo aligawana na mashine ya kopi. Basi akaona kwenye simu kibodi ndogo ya China, fupi kama mkate wa boflo, kila kitufe na springi yake, bei ya chini kuliko zote. Akaiagiza, ikaunganishwa kwenye mzigo wa dada mmoja aliyeleta viatu vya harusi. Maelezo aliyaruka, kama mnavyoyaruka nyie. Picha ilimpendeza, lakini picha haina sauti.

Siku alipoichomeka, tak-tak-tak-tak! Mtaa mzima ukajua Tunu yuko kazini.

"Unachapa au unakaanga bisi?" akauliza Bwana Shemahonge.

"Nachapa, bosi. Itazoeleka."

"Na nani? Wateja wenyewe wanapungua! Mmoja tu akilalamika, irudi ilikotoka. La sivyo uifuate."

Tunu akajaribu kuchapa kwa ncha za vidole, kama mtu anayenyatia kuku. Wapi!

Wateja kweli walipungua, ila sababu ilikaa kwenye benchi. Bi Mkunde alikuja kila siku kutoa kopi moja, akakaa hadi jua linageuka. Ukimweleza Tunu mambo ya talaka asubuhi, mchana unapewa pole sokoni. Watu wakaona heri wapande gari wakachapiwe Muheza.

Ndipo akaingia Mzee Kallaghe wa bucha, mtu ambaye hata mbwa wa sokoni humpisha njia. Mkewe alikuwa amerudi kwao. Akavuta kiti, akainama hadi sikioni mwa Tunu.

"Mwanangu, niandikie ukweni. Nataka kuomba radhi."

Akaanza kusema. Tunu akatazama mlango wa ofisi ya bosi, akatazama uso wa mzee. Liwalo na liwe. Akachapa kwa vidole vyote kumi.

Bi Mkunde akasogea ukingoni mwa benchi, shingo mbele. Akaambulia tak-tak.

"We Tunu! Pumzisha hiyo mashine, hatusikilizani hapa!"

"Na nani, Bi Mkunde? Si umekaa peke yako?"

Bwana Shemahonge akatoka mbio. "Nilisema mmoja tu!" Akashika waya auchomoe.

Mzee Kallaghe akamshika mkono. "Mwache amalize."

"Mzee wangu, makelele yote haya?"

"Nimekuja hapa mara ngapi, nikamkuta huyu kwenye benchi, nikarudi na maneno yangu? Leo nimeyatoa yote, na hakuna aliyeyapata ila binti huyu. Kelele nayo ni pazia, Shemahonge. Ukiling'oa, na mimi naondoka, na wenzangu huko nje siwaambii waje."

Bwana Shemahonge akauachia waya taratibu, kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka. Akamgeukia Bi Mkunde.

"Mama, kopi yako si tayari?"

Haikupita muda, mke wa Mzee Kallaghe akaonekana buchani akipima maini, anacheka na wateja. Alirudishwa na maneno gani? Mji mzima ulikimbilia kwa Bi Mkunde, naye kwa mara ya kwanza maishani akajibu, "Sijui."

Tunu alijua. Lakini Tunu alikuwa na foleni hadi barazani, na kila aliyefika alitaka achapiwe kwa ile ile ya makelele.

Kelele nayo ni pazia.